Samaki Walioingoja Diplome Yangu

Mchanga wa ufukwe wetu hapa Kalemie, saa sita mchana wa kiangazi, unaweza kukaanga yai bila sufuria. Nimeona mbwa akiuvuka kwa kurukaruka kama mtu anayefundishwa ngoma. Ndiyo maana wamama wanaoanika ndakala pale hawasimami. Wanawageuza wale samaki wadogo huku wakihamisha miguu, huu juu, huu chini, na ukiwatazama kutoka mbali utadhani kuna harusi.

Siku niliyoanza kuogopa, katika harusi ile kulikuwa na mtu mmoja tu asiyecheza, naye alikuwa Mama yangu. Alikuwa amevua kandambili na kuziweka pembeni, maana Mama ana viatu kwa ajili ya kuvitunza, si kwa ajili ya kuvivaa. Alisimama peku, miguu yote miwili imetulia kama nguzo za daraja la Lukuga, akibishana na mnunuzi wa ndakala juu ya ukubwa wa gunia. Mimi nilikuwa napita na moteri ya mtumbwi begani, kwa kuwa kazi yangu ni kutengeneza moteri. Nilivaa buti nzito, na bado joto lilikuwa linanitafuta kupitia soli. Mama aliendelea kubishana. Mnunuzi ndiye aliyekuwa anacheza.

"Mama, hausikie moto?" nikamwuliza.

"Moto gani?"

"Wa muchanga!"

Akaangalia chini kama mtu aliyekumbushwa kwamba ana miguu. "Iko sawa tu," akasema, kisha akamrudia mnunuzi: "Weye unaruka nini? Simama tuongee bei."

Mke wangu alipomwosha miguu baadaye alikuta malengelenge chini ya nyayo, makubwa kama maharagi. Mama hakujua kama yapo. Aliyatazama kwa kupendezwa, kama mtu anayeonyeshwa picha za nchi ya mbali.

Ugonjwa wa sukari ulikuwa umekaa na Mama miaka mingi, umezoeleka nyumbani kama mpangaji asiyehama. Asubuhi na jioni alimeza metformini yake, na kidonge kingine kidogo cha tansio, ile presha ya damu, na maisha yalikwenda. Lakini miezi ile kulikuwa na mambo mapya. Ule mlima kutoka ufukweni mpaka kwetu, ambao zamani aliupanda na beseni kichwani huku akiimba nyimbo za misa sauti zote nne peke yake, sasa aliupanda kwa kukaakaa njiani. Alikuwa anaweka mkono kifuani. "Moyo unakimbia," alisema, "na miye nimekaa." Ndani ya macho, pale pekundu, palikuwa peupe.

Mtaani kwetu kila mtu ni daktari wa sukari. Wanakuambia sukari inaanza na miguu, halafu inapanda taratibu, na ikifika moyoni, basi, mutafute mbao za sanduku. Jirani yetu mmoja, mwashi, aliondoka hivyo hivyo. Kwa hiyo nilipoona miguu haisikii na moyo unakimbia, nilijumlisha. Nilikuwa nimefaulu hesabu si zamani, na jibu la hesabu ile halikunipendeza hata kidogo.

Kwetu mgonjwa haendewi mikono mitupu. Zamani walileta kuku au mkungu wa ndizi. Siku hizi wanaleta sukre, yale maji ya chupa yenye rangi na utamu wa kung'oa meno, na wanaleta vitamini. Sokoni kulikuwa na muuzaji mwenye kipaza sauti kwenye baiskeli, na sauti yake, nawaambia, ilisikika mpaka Kigoma ng'ambo.

"Bamama na Bapapa! Moyo ni moteri! Moteri bila huile inakufa! Hii vitamini njo huile ya moyo!"

Sasa mimi ni fundi wa moteri, na najua moteri isiyo na mafuta inavyokufa. Maneno yale yalinikamata shingoni. Nilinunua chupa moja, nikarudi nikanunua nyingine. Mke wangu alinunua yake. Wamama wa chama cha kanisa walichanga wakaleta siro, dawa nyekundu ya maji. Meza ndogo chini ya picha ya Bikira Maria ikajaa: vidonge vya rangi ya chungwa vinavyochemka ndani ya maji, vidonge vya kutafuna, siro, unga wa kukoroga. Mama alivipenda vyote, hasa vile vitamu. Alivinywa kwa moyo wote. Kitu kimoja tu alikikataa: vidonge vya mafuta ya samaki ambavyo dada yangu alituma kutoka Lubumbashi.

"Vile hapana," alisema.

"Juu ya nini, Mama?"

"Nimesema hapana."

Hatukuendelea kuuliza. Kwetu Mama akisema hapana mara mbili, hata mawimbi yanarudi nyuma.

Msomaji wa vile vikaratasi vya ndani ya dawa nilikuwa mimi, na hapa lazima niseme habari ya shule. Niliacha masomo nikiwa mdogo, Papa yangu alipofariki na mtumbwi ukabaki bila mtu. Nikarudi shule ya jioni nikiwa na ndevu, mke na watoto. Mwalimu wetu wa jiografia alikuwa mdogo kuliko baadhi ya suruali zangu. Na ule mtihani wa mwisho haukunipenda. Niliufanya ukaniangusha, nikaufanya tena ukaniangusha tena, mpaka ikawa kila mwaka msimu wa mtihani ukifika, watu wa mtaa wanauliza kama nimeenda kuusalimia. Kila nilipoanguka, Mama alisema neno moja tu: "Rudi." Hakulia, hakunigombeza. Alirudi kwenye ndakala zake.

Halafu nikafaulu! Mtaa ulilipuka. Walinimwagia poda kichwani kama desturi ilivyo kwa anayefaulu. Walimwaga nyingi hata nikakohoa poda mpaka Noeli. Mama alicheza kutoka mlangoni hadi barabarani na kurudi, akapika samaki wa kila aina, kuhe, mikebuka na ndakala wa nyanya, chakula cha kulisha meli nzima na abiria wake. Watu walikula wakalegea. Mama alizunguka na sahani akiwaongezea, "Kuleni, kuleni," jasho linamtoka, anacheka. Hiyo ndiyo picha niliyobaki nayo: Mama katikati ya samaki. Kama ungeniuliza siku ile Mama amekula nini, ningekucheka. Mama amesimama ndani ya samaki mpaka magotini, unauliza amekula nini?

Basi tukaendelea na vitamini. Miguu haikurudi. Moyo haukupunguza mbio. Siku moja Mama alikanyaga kaa la moto jikoni na akaendelea kutafuta kijiko. Mke wangu ndiye aliyeziona kandambili zinatoa moshi.

"Papa," mke wangu akaniambia, "muguu usiosikia moto hauponyeshwe na povu ya chungwa. Kesho tunaenda hospitali. Na ile moteri ya watu itangojea."

Tulikwenda na pikipiki mbili. Mama na mke wangu mbele, na mimi nyuma nikiwa nimekumbatia mfuko wa vitamini zote, kwa maana nilitaka daktari aone kwamba sisi si watu wa kukaa bure. Nilikuwa naogopa kiasi kwamba nilisahau kuongea, na dereva wa pikipiki, anayenifahamu, aliniuliza kama ninaumwa meno.

Daktari alikuwa mwanamke kijana. Alitoka Kirungu, kule juu kwenye baridi, kwa watu wa maharagi na viazi. Alimwambia Mama atoe ulimi. Akautazama muda mrefu. Ulikuwa laini, unang'aa kama umepigwa rangi. Akachukua chuma chenye ndimi mbili, akakigonga kikalia kama nyuki, akakiweka kwenye kidole gumba cha mguu.

"Mama, munasikia kinatetemeka?"

"Nini kinatetemeka?"

Akakipandisha kwenye kifundo. Akakipandisha kwenye goti.

"Aaa, hapo sasa!" Mama akashangilia, kama aliyeshinda mchezo. Mimi sikushangilia.

Damu ikaenda maabara. Mama akalazwa kitandani akafungwa nyaya kifuani, mikononi na miguuni, na mashine ikatoa karatasi yenye mistari ya kupanda na kushuka kama milima ya Marungu. Nilisimama pale nikijaribu kuisoma ile milima. Mtu akitaka kujua urefu wa dakika moja, asimame karibu na karatasi inayoandika moyo wa mama yake.

Daktari akaichukua, akaitazama mwanzo mpaka mwisho.

"Papa, mukae," akaniambia.

Kwetu mtu akikuambia ukae, habari ni mbaya. Nilikaa kabla ya kufika kwenye kiti, karibu nikae hewani.

"Moyo wa Mama ni muzima," akasema. "Nimesema mukae sababu munanifungia mwangaza."

Lo! Nilitoa pumzi ambayo naamini ilizisukuma mitumbwi yote mpaka katikati ya ziwa.

"Lakini unakimbia, Dokta," nikasema.

"Unakimbia sababu damu ni kidogo, na chembe zake ni kubwa kubwa, hazikukomaa vizuri. Moyo unafanya kazi mara mbili kupeleka ile kidogo. Nataka kujua kwa nini damu imekuwa vile." Akageukia kitandani. "Mama, munakula nini?"

"Ninakula kila kitu, mutoto wangu."

"Jana mulikula nini?"

"Bugali na sombe."

"Na juzi?"

"Bugali na lengalenga."

"Na siku ingine?"

"Maharagi." Mama akatabasamu. "Kama kwenu Kirungu."

Mimi nikaingilia ili kumsaidia daktari. "Dokta, huyu ni mama wa ndakala. Anaanika ndakala tangu mimi sijazaliwa. Nguo zake mukizichemusha munapata supu."

Mtu wa ziwa angeridhika hapo. Nani katika Kalemie nzima atamwuliza mama wa ndakala kama anakula samaki? Ni kama kumwuliza padri kama anajua njia ya kanisa. Lakini daktari huyu alikulia mlimani akiona samaki siku za sikukuu tu, na kwake hilo lilikuwa swali kama maswali mengine.

"Ninasikia anawaanika," akasema. "Nauliza kama anawakula. Mama, mara ya mwisho kula samaki ni lini?"

Mama akatazama dirisha. Akanitazama mimi.

"Dokta," akasema polepole, "mutoe huyu mutoto inje."

"Huyu mutoto ana mvi, Mama."

"Hata hivyo."

"Siendi," nikasema.

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni. Akasema, "Mama, miye niliona. Tunapokula jikoni, samaki unaniwekea miye na watoto. Nilifikiri ni juu ya chumvi na tansio yako."

Mama akavuta kitenge chake, akakifunga upya, kama anavyofanya kabla ya kuanza kubishana bei.

"Nilimuahidi Mungu," akasema. "Huyu alipoanguka mutihani mara ya kwanza, nilienda kanisani nikasema: Bwana, sitakula kitu cha ziwa mpaka nione diplome ya mutoto wangu na macho yangu. Muntu anatoa kile anachokipenda. Miye nilikuwa na nini kingine? Nilizaliwa Mpala, nimekulia juu ya samaki. Nilitoa samaki."

Hata nyaya zilikuwa zinasikiliza.

"Lakini Mama," nikasema, "nilifaulu! Ulicheza! Walinimwagia poda!"

"Ulifaulu, ndiyo. Lakini diplome iko wapi? Ulileta karatasi ya kusema umefaulu, na diplome yenyewe itakuja. Miye sikumuambia Mungu karatasi ya kusema. Nilimuambia diplome. Na macho yangu."

Msomaji ambaye hakusoma kwetu hawezi kujua: diplome yenyewe, ile yenye mihuri, haifiki siku ya kufaulu. Inatengenezwa mbali, na inatembea kwa miguu ya konokono aliyechoka. Wako watu walioipata wakati watoto wao wanaanza kunyoa. Mimi nilikuwa nimeshaisahau, nilitembea na ile karatasi ya kufaulu, inanitosha kabisa. Kumbe kuna mtu alikuwa anaingoja na sahani ya sombe, majani ya muhogo.

Na nyama? Kwetu nyama ni ya Pasaka. Mbuzi Mama hamli, anasema ananuka. Mayai anauza. Maziwa hajayazoea. Ukimtolea mtu kama huyo samaki, umemwachia majani tu.

Daktari hakucheka wala hakugomba. Alivuta kiti akakaa karibu na Mama, akamweleza kwa Kiswahili chepesi, na mimi nikasikiliza kuliko nilivyowahi kusikiliza shule ya jioni.

"Mama, kuna vitamini moja inaitwa B12. Mwili unaitumia kutengeneza damu, na kutunza ile mishipa inayopeleka habari kutoka muguuni mpaka kichwani. Haiko katika sombe, haiko katika maharagi. Iko katika samaki, nyama, mayai, maziwa. Sasa mwenye kunywa metformini miaka mingi, ile dawa inaweza kuizuia kidogo isiingie vizuri. Muntu anayekula samaki, mara nyingi hapati shida. Munywe metformini na kuacha samaki, mulango umefungwa mara mbili."

"Basi niache metformini," Mama akasema haraka, akiona njia.

"Ah-ah! Metformini haiachwe. Ile njo inatunza sukari. Kipimo cha B12 yenyewe hatuna hapa, lakini ulimi, miguu, damu, na ile nadhiri, vyote vinasema neno moja. Tutaanza sindano, tuone."

Nikaona ni wakati wa mfuko wangu. Nikaumwaga mezani. Chupa zikabingirika, moja ilianguka na daktari akaidaka hewani.

"Na hizi, Dokta? Ni za moyo. Huile ya moyo."

Akazisoma moja moja, anaziweka upande. "Hii ni vitamini C. Hii C pia. Hii ni C na rangi. Hii siro…" akainusa, "hii ni sukari, Papa. Sukari na picha ya moyo."

"Lakini yule wa kipaza sauti…"

"Vitamini inasaidia muntu anayeikosa ile ile. Asiyeikosa, haiulinde moyo wake, hata akiikoga. Mukitaka kulinda moyo wa muntu wa sukari: ile dawa ya sukari, kile kidonge kidogo cha tansio kila siku, kutembea, chumvi kidogo, na utamu kidogo." Akamtazama Mama. "Kile cha tansio munakunywa?"

Mama akatazama tena dirisha. "Siku zingine. Vitamini zilikuwa nyingi, tumbo linajaa."

Siro ilibaki mezani kwa daktari. Sindano ilikuja. Sijui kama mmewahi kuiona dawa ya B12: ni nyekundu, nyekundu ya kitambaa cha Pentekoste. Mama aliitazama ndani ya bomba akakubali mara moja. "Hii ni damu kweli," akasema, akageuza paja. Na sindano si samaki, kwa hiyo Mungu alikuwa hajaguswa.

Samaki ndio walibaki. Nyumbani nilimbembeleza, nikamletea mkebuka wa kuchoma ambaye harufu yake ilikusanya paka wa mitaa mitatu. Mama akamnusa, akafumba macho, akamsukuma.

"Sindano inatosha."

"Dokta amesema na chakula pia! Miguu iliyokufa haisubiri konokono, Mama!"

"Weye ndiye ulisoma. Ahadi ni ahadi ao si ahadi?"

Somo hilo halikuwemo katika programu. Mke wangu ndiye aliyesema, "Twende kwa Padri. Kesi ya Mungu haiamuliwe na fundi wa moteri."

Padri wa parokia yetu ni mzee, ananyamaza sana, na anamfahamu Mama kwa kuwa amekunywa chai yake mara nyingi. Mama alijieleza kwa kirefu, amesimama wima kama wakili wa samaki. Padri akasikiliza mpaka mwisho.

"Mama," akasema, "nadhiri yenu ni nzuri. Na ninaona Mungu aliisikia, sababu kwa huyu," akaninyooshea kidole, "ilihitajika muujiza."

Mke wangu akacheka mpaka akashika ukuta. Mimi nikakubali, nifanyeje?

"Lakini Kanisa linaruhusu," Padri akaendelea, "kubadilisha nadhiri inayodhuru, kuweka ingine yenye faida, mpaka siku ile ile muliyosema. Mutoe kitu kingine. Lakini kiwe kinauma sawasawa."

Mama akafikiri. "Nitaacha nyama ya mbuzi, Baba Padri."

"Mama!" mke wangu akasema. "Mbuzi haujamula tangu ubatizo!"

"Nyamaza, weye. Basi nitaacha kuimba Jumapili."

"Hiyo inatuumiza sisi," Padri akasema. Akakuna kidevu. "Mama, ile chai yenu. Ile ambayo kijiko kinasimama ndani yake chenyewe."

Mama akashtuka. Niliona macho yake yakitafuta mlango. Sikujua! Sisi mbele yetu anakunywa chai chungu, anakunja uso kama shahidi wa imani. Kumbe mgeni akija, sukari inashuka kwenye kikombe kama mvua ya Machi, "kumuheshimu mugeni". Na zile sukre za wagonjwa? Nani alikuwa anazinywa? Tulidhani ni watoto.

"Baba Padri," akasema kwa sauti ya chini, "sukari ni neno kubwa."

"Samaki walikuwa neno dogo?"

Mama akashusha pumzi ndefu. "Sawa. Sukari, sukre, siro, na ile maandazi yenye kung'aa. Mpaka nione diplome na macho yangu."

Padri akambariki, akabariki na mimi, nadhani ili konokono aendelee na mwendo wake.

Siku ile ile Mama alikula. Mke wangu aliwachemsha mikebuka na nyanya na kitunguu, chumvi kidogo sana. Mama akanawa, akafanya ishara ya msalaba, akachukua kipande cha kwanza, akakaa nacho mdomoni bila kutafuna. Machozi yakamtoka. Mke wangu akaniangalia, mimi nikaangalia ukuta. Halafu Mama akameza, akasema, "Umeweka nyanya nyingi," akavuta sahani yote upande wake. Mimi na mke wangu tulikula bugali na mchuzi, na sijawahi kula chakula kitamu kama kile.

Sindano zikaendelea, kwanza mara kwa mara, kisha zikaachiana nafasi. Midomo yake ikarudisha rangi. Moyo ukapunguza mbio, ukaanza kutembea kama moyo wa mtu mwenye adabu. Sukari ilipopimwa, daktari aliitazama mashine, akaigonga, akachukua mashine nyingine. "Mama, munafanya nini?" akauliza. "Ninangojea diplome," Mama akamjibu.

Miguu ndiyo ilichelewa. Daktari alikuwa ametuonya: mishipa inarudi polepole, mingine hairudi, na kila siku tuangalie nyayo, na kandambili zisitoke mguuni. Kwanza Mama akalalamika kwamba kuna siafu wanamtembea kwenye vidole. Hakukuwa na siafu. Tulilipokea lalamiko lile kama barua kutoka kwa ndugu aliyepotea. Kila asubuhi mke wangu aliuliza, "Siafu wapo?" na Mama anajibu kwa hasira, "Wapo, tena wameleta jamaa zao!"

Kisha ikaja siku ya kiangazi, saa sita. Nilikuwa ufukweni nimeinama ndani ya moteri, mikono imejaa mafuta. Nikasikia kelele upande wa ndakala. Kandambili ya Mama ilikuwa imekatika kamba, na yeye, kwa mazoea, alikuwa ameiacha akapiga hatua moja mchangani.

"Yee! Yee, Mama wee! Muchanga unachoma! Nani ameweka moto hapa?"

Alikuwa anaruka! Mguu mmoja juu, kitenge kimeshikwa mkononi, anatukana jua, mchanga na aliyetengeneza ile kandambili. Wamama wote walisimama wakipiga vigelegele, na kwa kusimama wakaungua, wakaanza kuruka nao. Nilitupa spana. Nilikimbia nikambeba Mama yangu mgongoni mpaka kivulini, na anaweza kuwa na uzito wa ng'ombe wawili, lakini siku ile sikuusikia. Alinipiga begani njia nzima.

"Unacheka nini? Ninaungua, unacheka!"

"Ndiyo, Mama. Unaungua!"

"Mujinga na diplome yake," akasema, na akacheka yeye pia.

Sasa juzi nimesikia habari. Mwenzangu mmoja wa shule ya jioni alipita kwenye karakana yangu akiwa amevaa koti, akaniambia diplome za mwaka wetu zimefika, watu wanakwenda kuchukua zao. Alidhani nitaruka. Nikamshukuru, nikafikiria kopo la sukari nyumbani, nikarudi kwenye moteri. Ilikuwa moteri ambayo nilikuwa nimeshaimaliza. Nikaifungua tena yote.

Jana tulikuwa tunakula. Mama alikuwa na mkebuka mzima mbele yake, na kikombe cha chai nyeusi isiyo na kitu.

"Nilisikia sokoni," akasema bila kuinua kichwa, "diplome zimefika."

Mke wangu akaacha kutafuna.

"Hata miye nilisikia," nikasema.

"Utaenda lini?"

"Sijui, Mama. Kazi ni nyingi. Moteri zinaharibika kila siku."

Akanitazama. Akaonja chai yake, akakunja uso, safari hii kweli.

"Ni kweli," akasema. "Moteri za siku hizi ni mbaya sana. Usiende haraka." Na akamgeuza mkebuka upande wa pili, ule ambao ulikuwa bado haujaguswa.